Mkono haukukatika, lakini haufanyi kazi: nani atakulipa?

"Uliumia siku gani?"

Hilo ndilo swali aliloniuliza msimamizi wangu nilipomwendea na mkono wa kulia umefungwa bendeji ya kununua kwa kemisti. Nilikaa kama sekunde kumi nikitafuta jibu. Siku gani? Sikuanguka. Sikukatwa na mashine. Hakuna tone la damu lililomwagika. Kilichotokea ni kwamba kwa miezi kumi na moja nilikuwa nabofya kipanya cha kompyuta saa tisa kwa siku, nikichora visanduku kuzunguka picha za magari, watu na taa za barabarani, ili mashine za watu wa ng'ambo zijifunze kuona. Halafu asubuhi moja nikashindwa kufungua kifuniko cha chupa ya maji.

"Basi hiyo si ajali," akasema. "Hiyo ni uchovu. Lala vizuri wikendi."

Nililala. Jumatatu mkono ulikuwa vile vile.

Kabla sijaendelea, nikiri mapema: mimi si wakili. Hata chuo nilikiacha mwaka wa pili karo ilipokwama, na sijarudi. Lakini sheria za Kenya zipo kwenye mtandao, zinasomwa bure, na nilikuwa na muda mwingi wa kukaa kejani nikisoma kwa simu, nikitumia kidole gumba cha mkono wa kushoto. Niliyoyakuta yalinifanya nitake kuyaandika, kwa sababu najua sisi ni wengi.

Ugonjwa usio na tarehe

Daktari niliyemwona hatimaye alinieleza hivi. Kwenye kifundo cha mkono kuna njia nyembamba kama bomba. Ndani yake hupita kano zinazokunja vidole, na pamoja nazo hupita neva moja kubwa. Ukirudia mwendo ule ule mara maelfu bila kupumzika, kano zinavimba, nafasi inapungua, na neva inabanwa. Ndipo unasikia ganzi kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati. Unaamka usiku ukikungʼuta mkono kama mtu anayekausha maji. Baadaye nguvu za kushika zinaisha. Ukiacha sana, misuli ya chini ya kidole gumba inanywea, na hapo hata upasuaji hauwezi kuahidi kurudisha kila kitu.

Usidhani ni ugonjwa wa watu wa kompyuta tu. Ni wa fundi wa cherehani kule EPZ Athi River anayeshona mkono ule ule wa shati kutoka asubuhi hadi jioni. Ni wa dada anayekata na kupanga maua ya waridi Naivasha. Ni wa keshia wa supamaketi, mpakiaji kiwandani, mchumaji chai Kericho, na msee wa kituo cha simu anayeandika huku ameshikilia kipokezi kwa bega. Kazi ni tofauti, lakini wote wanarudia mwendo mmoja, kwa kasi ambayo hawakuichagua wenyewe.

Hayo maneno "kasi ambayo hawakuichagua" yashike vizuri. Kazini kwetu kulikuwa na kipimo cha visanduku kwa saa. Ukishuka, jina lako linageuka jekundu kwenye skrini ya msimamizi. Kwa hiyo hata dakika tano za kunyoosha mkono zilikuwa na bei, na bei hiyo niliilipa mimi.

Wala jambo hili si geni. Zaidi ya miaka 300 iliyopita daktari mmoja wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliandika kuhusu makarani waliokuwa wakiharibikiwa mikono kwa kushika kalamu siku nzima. Na Shirika la Kazi Duniani (ILO), katika orodha yake ya magonjwa ya kazini iliyorekebishwa mwaka 2010, limeyataja waziwazi magonjwa ya misuli na mifupa, pamoja na huu wa neva kubanwa kwenye kifundo cha mkono. Kwa hivyo mtu akikuambia ati hayo ni mambo ya vijana wavivu wa siku hizi, mwambie yalikuwepo kabla ya umeme.

Sheria inasema nini

Sheria yenyewe inaitwa Work Injury Benefits Act ya mwaka 2007, ile watu huita WIBA kwa kifupi. Inasema mwajiri lazima awe na bima ya kuwalipia wafanyakazi wake wakiumia au wakiugua kwa sababu ya kazi. Si hiari yake. Si zawadi ya Krismasi. Na huhitaji kuthibitisha kwamba mwajiri alikosea. Ukiumia kazini na kwa sababu ya kazi, unastahili fidia.

Hesabu yake iko hivi. Ukibaki na ulemavu wa kudumu, sheria inachukua mshahara wako wa miezi 96 kisha inazidisha kwa kiwango cha ulemavu ambacho daktari amekupa. Tuseme ulikuwa unapata Sh20,000 kwa mwezi. Miezi 96 ni Sh1,920,000. Daktari akisema mkono wako umepoteza asilimia 10, fidia yako ni Sh192,000. Hizo si pesa za kununua ploti, lakini kwa mtu aliyerudi kwa mamake na mkono mmoja mzima, ni mtaji wa kuanza tena.

Ikiwa huwezi kufanya kazi kwa muda tu, kuna malipo ya kipindi hicho, mradi umelazimika kukaa nje kwa siku tatu au zaidi, na yanaweza kuendelea hadi miezi 12. Kisha kuna kitu ambacho wengi hawakijui: gharama ya matibabu, pamoja na nauli ya kwenda hospitali, inafaa kubebwa na mwajiri.

Sasa jiulize ni wangapi unaowajua waliorudishiwa hata nauli.

Mahali mambo yanapokwama

Shida ya kwanza ni lile swali la msimamizi wangu. Sheria inataka mfanyakazi amwarifu mwajiri kuhusu ajali, kwa maandishi au kwa mdomo. Mwajiri naye ana siku saba za kuarifu Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, na dai linafaa kuwasilishwa ndani ya miezi 12. Ukikatwa kidole saa nne asubuhi, hesabu ya siku inaeleweka hata na mtoto. Lakini mkono unaoharibika polepole kwa mwaka mzima, hesabu yake inaanza lini? Ulipohisi ganzi ya kwanza ukadhani umelala vibaya? Ulipoanza kudondosha vikombe?

Kwa bahati nzuri sheria haikuishia kwenye ajali. Ina mlango mwingine, wa magonjwa ya kazini. Daktari akithibitisha kwamba una ugonjwa unaotokana na kazi yako na umekulemaza, unalipwa kama mtu aliyepata ajali. Mlango huo ndio wetu. Tatizo ni kwamba wengi tunakwenda kugonga ule wa ajali, tunaambiwa hakuna ajali, tunarudi nyumbani.

Shida ya pili ni ushahidi. Nilipokwenda kliniki mara ya kwanza, niliandikiwa dawa za maumivu na kwenye karatasi pakaandikwa "maumivu ya mkono". Basi. Hakuna aliyeniuliza nafanya kazi gani. Karatasi hiyo haina msaada wowote ukitafuta fidia, kwa sababu haitaji kazi popote. Ungekuwa umebeba dishi la maji au umecheza mpira, ingeandikwa vile vile.

Shida ya tatu ndiyo ilinimaliza mimi. Nilipotoa mkataba wangu kwenye sanduku, nikausoma kwa makini kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimetia sahihi kama "mkandarasi huru". WIBA inamlinda mtu aliyeajiriwa kwa mkataba wa kazi, uwe wa maandishi au wa mdomo. Mkandarasi huru yuko nje. Manze, nilikuwa na saa ya kuingia, saa ya kutoka, msimamizi wa kunigombeza na kompyuta yao. Uhuru wangu ulikuwa kwenye karatasi pekee. Mahakama za kazi zinaweza kuangalia uhusiano ulivyo hasa badala ya jina lililoandikwa juu yake, lakini hilo unapaswa kulipigania, na kupigania kunataka pesa, muda na mkono wa kuandikia.

Shida ya nne haijaandikwa popote: woga. Ukilalamika, mkataba wa mwezi hauongezwi. Nje ya geti kuna foleni ya vijana wenye vyeti kukuliko. Kwa hiyo unameza dawa, unabadilisha mkono wa kipanya, unanyamaza. Nilinyamaza. Mkataba ulipoisha, niliondoka bila kuandika hata mstari mmoja. Kufikia wakati naisoma sheria hii, miezi 12 ilikuwa imepita.

Migongo ya Kericho hadi Edinburgh

Ukitaka kuona jinsi jambo hili lilivyo gumu, angalia wachumaji chai wa Kericho. Mamia yao waliipeleka kampuni ya James Finlay (Kenya) kortini, na si Kericho bali Edinburgh, Scotland, kwa sababu kampuni hiyo ilisajiliwa Aberdeen. Walidai kwamba miaka ya kuinama na kubeba majani ya chai iliwaharibu migongo. Tazama lalamiko lenyewe: hakuna aliyesema mti ulimwangukia. Walikuwa wanazungumzia mwendo ule ule, mzigo ule ule, kila siku.

Kampuni iliyapinga madai hayo. Mwaka 2023, majaji wa rufaa wa Scotland waliamua kesi isimame kwanza, ili madai hayo yapitie utaratibu wa WIBA hapa Kenya.

Soma hapo tena. Watu walivuka bahari kutafuta haki, wakaelekezwa kwenye dirisha lile lile ambalo mimi na wewe tunaweza kufikia kwa matatu. Kwa upande mmoja ni heshima kwa sheria yetu, kwamba majaji wa ng'ambo wameona inaweza kutatua jambo. Kwa upande mwingine ni mtihani. Dirisha hilo likishindwa kusoma mgongo ulioharibika polepole, litasomaje kifundo cha mkono cha kijana mmoja wa Pipeline?

Na hapa nyumbani huwezi kuliruka. Mawakili kupitia Chama cha Mawakili Kenya (LSK) waliipinga WIBA kortini kwa miaka mingi, hasa kile kipengele kinachomzuia mfanyakazi kumshtaki mwajiri moja kwa moja kudai fidia. Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikaamua sheria hiyo haikiuki Katiba. Maana yake ni kwamba unaanza kwa Mkurugenzi. Usiporidhika na uamuzi wake, una siku 60 za kuupinga kwake mwenyewe, naye anapaswa kukujibu ndani ya siku 14. Bado hujaridhika? Una siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Kwa hiyo kila kitu kinategemea ile karatasi ya kwanza. Ikiwa mbovu, unabeba ubovu wake hadi kortini.

Upande wa waajiri

Tuwe wakweli kidogo. Waajiri wana hoja. Ganzi ya mkono inaweza kuletwa na kisukari, na ujauzito, na matatizo ya tezi. Sisi wenyewe tunashika simu hadi usiku wa manane. Mwajiri anauliza: nitajuaje ni kazi yangu iliyokuharibu na si TikTok? Na kiwanda chenye watu 2,000 kikiambiwa kila anayeumwa mkono alipwe, si kitafunga?

Swali la kwanza lina jibu: ndiyo maana kuna daktari na ndiyo maana kuna asilimia. Daktari anaweza kupima sukari, anaweza kupima kasi ya neva, anaweza kuuliza unafanya nini kwa saa tisa na unafanya nini kwa moja. Sheria haimwambii mwajiri alipie kila maumivu. Inamwambia alipie yale yaliyotokana na kazi.

Kwa swali la pili, jibu langu ni sheria nyingine ya mwaka huo huo wa 2007, ile ya Usalama na Afya Kazini. Sehemu ya 76 inamtaka mwajiri ahakikishe kwamba kituo cha kazi, vifaa na kazi yenyewe vinamfaa mfanyakazi. Kwa Kiswahili cha mtaani: kiti kifae mtu, si mtu akunjwe afae kiti. Sheria hiyo hiyo inataka mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya. Kiti kinachopanda na kushuka, dakika chache za kupumzika kila saa na kubadilishana zamu kati ya kazi mbili ni gharama ndogo ukilinganisha na mshahara wa miezi 96. Mwajiri anayesema fidia itamfunga aulizwe kwanza kama amewahi kununua viti.

Na kuna jambo lingine ambalo halisemwi. Mwajiri asipolipa, si kwamba hakuna anayelipa. Ukienda hospitali na kadi ya SHA bila kusema ni jeraha la kazini, unatumia pesa za mfuko wa umma ambao unauchangia wewe, mama mboga na boda boda. Pale SHA isipofika, analipa mamako. Kwangu ni mama aliyeuza mbuzi wawili. Kampuni ilibaki na picha zake zote, zimechorwa vizuri, ila mkono uliozichora haumo kwenye hesabu zake.

Kama mkono wako umeanza

Haya ndiyo ningependa mtu angeniambia.

Kwanza, andika leo. Si kesho. Tuma barua pepe au hata ujumbe wa WhatsApp kwa msimamizi: kazi ninayofanya ni hii, naifanya saa ngapi, dalili zilianza lini, leo ziko hivi. Sheria inakubali taarifa ya mdomo, lakini mdomo hauna skrinshoti.

Pili, ukifika kwa daktari, usianze na "mkono unauma". Anza na kazi yako. Mweleze mwendo unaorudia, mara ngapi, saa ngapi. Mwombe aandike kazi hiyo kwenye ripoti, na kama anaona ndiyo chanzo, aandike hivyo pamoja na tarehe. Ugonjwa wetu hauna siku ya ajali, kwa hivyo siku ambayo daktari ametia sahihi ndiyo karata yako bora.

Tatu, muulize mwajiri kama amejaza fomu ya DOSH/WIBA 1. Ndiyo fomu ya kuarifu serikali kuhusu ajali au ugonjwa wa kazini. Akikataa au akizungusha, nenda mwenyewe kwa ofisi ya afya na usalama kazini ya kaunti yako. Sema unataka kuripoti ugonjwa wa kazini. Tumia neno hilo, ugonjwa. Usikubali kujibizana kuhusu ajali.

Nne, kama uko kwenye chama cha wafanyakazi, mwone mwakilishi wako. Kama mkataba wako unakuita mkandarasi, weka ushahidi wa saa zako, ratiba, jumbe za msimamizi na hati za malipo. Hivyo ndivyo vitakavyosema wewe ni nani hasa.

Kwa serikali, langu ni moja. Chapisheni mwongozo mfupi, kwa Kiswahili, wa jinsi ya kushughulikia majeraha yanayokuja polepole: tarehe ihesabiwe kutoka lini, daktari aandike nini, na mtu wa kazi za mtandaoni aende wapi. Kenya inajinadi duniani kama nyumba ya ajira za kidijitali. Basi nyumba hiyo iwe na mahali pa kutibia mikono.

Wiki iliyopita mshkaji wangu mmoja aliye bado kule nilikotoka alinitumia sauti ya WhatsApp. Kwa kawaida yeye huandika. Nikamuuliza mbona sauti. Akasema vidole vinakufa ganzi akichapa, lakini si kitu, ni uchovu tu, atalala wikendi.

Nikamwambia asilale. Aamke, atafute msimamizi, na aandike tarehe ya leo.